Kaka yangu anamwambia mwanangu kwamba dume halilii: ninyamaze au nimpinge?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba mawazo yenu katika jambo linalonitatiza kwa muda mrefu sasa, na ambalo sijapata mtu wa kulizungumza naye ana kwa ana.

Nina mtoto wa kiume aliye shule ya msingi. Ana afya njema na anapenda michezo kama wenzake, lakini moyo wake ni mwepesi: akimwona mnyama ameumia hulia, akigombana na rafiki yake hukosa usingizi, na akifurahi huwakumbatia watu bila kujizuia. Mimi sioni kasoro katika hayo. Kaka yangu mkubwa anaiona, tena kubwa. Huyu kaka ninamheshimu kama baba, kwa sababu ndiye aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki tukiwa bado wadogo. Kila akija kwetu na kumkuta mtoto analia, humwambia mbele ya watu wote, "Dume zima linalia? Jikaze, wewe ni mwanamume." Siku hizi mtoto akiumia hukimbilia chumbani na kufunga mlango, na akitoka na macho mekundu nikamuuliza, hunijibu kwamba hana neno.

Ingekuwa rahisi kama ningeweza kusema kwamba kaka amekosea kabisa. Lakini ninaujua ulimwengu wa wanaume, maana ndimo ninamoishi. Mfanyakazi mwenzetu mmoja aliomba likizo ili amuuguze mtoto wake, kwa kuwa mshahara wa mkewe ulikuwa mkubwa kuliko wake na ilikuwa busara yeye ndiye akae nyumbani. Watu walimfanya gumzo kwa miezi, wakasema ameolewa. Mwanamume akionyesha woga, huzuni, au hata kutojua jambo, hutozwa gharama yake papo hapo, na wanaomtoza ni marafiki zake. Kwa hiyo najiuliza, nikimwacha mwanangu alie kwa uhuru nyumbani, sitakuwa nimempeleka vitani bila ngao? Na nikimfundisha kujificha, si nitakuwa nimempandikizia ule ugonjwa ninaouona kwa wanaume wengi wa rika langu, ambao wako tayari kufa na tai shingoni kuliko kukiri kwamba wameelemewa?

Naomba kujua shinikizo hili linatoka wapi hasa, kama kweli linaumiza au sisi ndio tumelegea, na baba afanye nini mbele ya mkubwa wake bila kumvunjia heshima.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu yangu, nimefundisha watoto kwa miaka mingi na nimesoma kiasi juu ya jambo hili, kwa hiyo nitajibu kwa urefu, hasa swali lako la kwanza, kwa sababu nadhani majibu ya yale mengine yamo ndani yake.

Watafiti wa saikolojia Joseph Vandello na Jennifer Bosson wa Chuo Kikuu cha South Florida, pamoja na wenzao, walieleza mwaka 2008 jambo ambalo tangu hapo limenisaidia kuelewa mengi. Walionyesha kwamba watu huuona utu uzima wa mwanamke kama hali ambayo msichana huifikia kwa kukua tu, ilhali uanaume huonekana kama cheo ambacho sharti mtu akihangaikie ndipo akipate, na ambacho anaweza kuvuliwa hadharani wakati wowote. Mtu mwenye cheo cha namna hiyo hapumziki. Kila siku yuko mbele ya baraza la waamuzi asiowajua. Mwaka 2021 Bosson na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 62, na imani hiyo ilikuwa na nguvu zaidi katika nchi ambazo usawa wa kijinsia uko chini, jambo ambalo kwangu linatosha kuonyesha kwamba haitokani na maumbile peke yake, kwa kuwa maumbile hayabadiliki mtu akivuka mpaka.

Kundi hilo hilo la watafiti lilichapisha majaribio mengine mwaka 2009. Waliwagawa wanaume mafungu mawili, wengine wakapewa kusuka kamba na wengine kusuka nywele za kichwa cha bandia, mikono ikifanya kazi ya aina moja kwa wote. Baadaye walipoachiwa wachague kati ya kupiga ngumi mfuko wa mazoezi na kufumbua fumbo, waliosuka nywele walichagua ngumi kwa wingi zaidi. Katika jaribio jingine, ambamo wote walipiga ngumi, waliosuka nywele walipiga kwa nguvu zaidi. Yaani dakika chache tu za kazi inayohesabiwa kuwa ya kike zilitosha kuwatia haja ya kuthibitisha jambo ambalo hakuna aliyewauliza.

Sasa tutazame hao waamuzi ni akina nani. Mwaka 2020 mwanauchumi Leonardo Bursztyn na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Riyadh, Saudi Arabia. Waliwakusanya vijana wa kiume waliooa, wa mtaa mmoja, wakawauliza kila mmoja kwa siri kama anakubali wanawake wafanye kazi nje ya nyumba. Walio wengi sana walikubali. Kisha wakaombwa wakisie wenzao waliomo chumbani humo wamejibu nini, na wengi wakakisia idadi ndogo kuliko ilivyokuwa. Baadhi yao waliambiwa idadi ya kweli, basi, bila mahubiri yoyote, na hao wakawa wepesi zaidi kuwaandikisha wake zao katika huduma ya kutafutiwa kazi. Chumba kizima kilikuwa kikiitii kanuni ambayo wengi waliomo hawakuiamini, kwa sababu kila mmoja alidhani ni yeye peke yake asiyeiamini.

Rudi kazini kwenu ukiwa na hilo akilini. Waliomcheka mwenzenu aliyemuuguza mtoto wake, wangapi walicheka kwa sababu wanaamini alikosea, na wangapi walicheka ili wasidhaniwe kuwa wako upande wake? Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 1993 na Deborah Prentice na Dale Miller, ambao ulihusu ulevi wa wanafunzi, uligundua kwamba wanafunzi walidhani wenzao wanaufurahia ulevi kuliko wao. Kadiri muhula ulivyosonga, wavulana ndio waliobadili mawazo yao wenyewe ili yafanane na hayo waliyoyakisia kimakosa. Wasichana hawakubadilika hivyo. Hilo linanisikitisha kuliko yote, kwamba mvulana hukubali hatimaye kuamini jambo ambalo mwanzoni alijisingizia tu.

Kwa hiyo kabla ya kumpinga kaka yako, muulize mkiwa wawili: wewe binafsi, mtoto akilia, kinachokuuma ni nini? Nitashangaa kama hatakutajia watu wengine kabla ya kujitaja mwenyewe.

Mchangiaji wa pili

Mwanangu, mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, na nina ugomvi kidogo na mazungumzo haya. Ya mwalimu nimeyasoma, sina la kuyapinga. Ila naona huyo kaka mtu anahukumiwa bila kutazamwa.

Umetuambia kwa sentensi moja kwamba yeye ndiye aliyewalea baada ya wazazi wenu kufariki, ukapita. Hebu fikiri alikuwa na umri gani. Kijana aliyeachiwa wadogo zake hakuwa na nafasi ya kulia, maana angelia yeye, nyinyi mngemtazama nani? Neno hilo la kujikaza analomwambia mwanao ndilo alilojiambia mwenyewe miaka yote ile, na lilifanya kazi: mlikula, mkasoma, na leo wewe ni baba unayeweza kuketi na kuufikiria moyo wa mtoto wako. Ukimwendea na kumwambia kwamba neno hilo ni ugonjwa, atasikia kwamba sadaka yake yote ilikuwa ugonjwa. Hatakusamehe upesi, na mimi sitamlaumu.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nami bado naamini kwamba mtoto, awe wa kiume au wa kike, sharti azoee kubanwa kidogo na dunia angali chini ya ulinzi wa wazazi. Kuna saa ambayo mtu hana budi kutulia ili wengine wapone. Mgonjwa akizidiwa usiku, anahitajika mtu ambaye mikono yake haitetemeki. Uwezo huo haupatikani kwa kubembelezwa kila siku, na ningesikitika kama vijana wetu wa kiume wangeukosa kwa sababu sisi tuliona haya kuwafundisha.

Lakini naomba nitenganishe mambo mawili ambayo rika letu liliyachanganya, kwa hasara kubwa. Anayestahimili anajua kwamba anaumia, anaendelea na linalompasa, na kazi ikiisha anautua mzigo mahali fulani, kwa mke, kwa rafiki, kwa Mungu wake. Anayejificha hautui popote. Nimewazika wenzangu ambao waliona haya kumwambia daktari kwamba mkojo hautoki vizuri, wakavumilia mpaka ugonjwa wa tezi dume ukawa hautibiki tena. Walisifiwa msibani kwamba hawakuwahi kulalamika. Nilisikiliza sifa hizo kwa uchungu, kwa sababu kulalamika mapema kungewaokoa.

Ushauri wangu ni huu: usimkosoe mkubwa wako mbele ya mtoto wala mbele ya wageni. Mfuate kwake, na kabla hujamtaja mwanao, mwombe akusimulie mwaka ule mlipofiwa. Nina shaka kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Mchangiaji wa tatu

Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni kijana ambaye miaka si mingi iliyopita nilikuwa mtoto kama huyo, na nilifundishwa kujikaza nikafuzu. Nitasema jambo moja tu, kwa sababu naona mnayazungumzia machozi kana kwamba ndiyo pekee yanayozuiwa. Mtoto akizoea kuyazuia, baada ya muda hawezi tena kuchagua cha kuzuia. Furaha nayo hupungua, na hamu ya kumwambia mtu kwamba unampenda hupungua vile vile. Leo mchumba wangu akiniuliza ninajisikiaje, humjibu ninachofikiri au nilichofanya siku hiyo, kwa kuwa kile anachokiuliza sikioni. Sisemi kwamba nimeharibika. Ninafanya kazi, ninacheka na marafiki, na watu huniita imara. Lakini wapo wanaume wengi wanaoitwa imara kwa sababu hii tu, kwamba hawana habari za ndani mwao wenyewe. Mtoto huyu anayefunga mlango bado anajua analilia nini. Naomba sana asiachwe mpaka afike mahali asipojua.

Mchangiaji wa nne

Kaka yangu, nimeusoma mchango wako mara mbili nikitafuta ulipomtaja mama wa mtoto, sijapaona. Mnazungumza kana kwamba kanuni za uanaume hulindwa na wanaume peke yao. Sisi wanawake tumo, na tumekuwamo siku nyingi.

Mwezi Agosti mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, admirali mstaafu Charles Penrose-Fitzgerald aliwapanga wanawake 30 katika mji wa Folkestone nchini Uingereza wawape manyoya meupe, alama ya woga, wanaume waliowakuta mitaani bila sare za jeshi. Hakuwatumia askari kufanya kazi hiyo. Aliwatumia wanawake, kwa sababu alijua kwamba aibu inayotoka kwa mwanamke humwingia mwanamume ndani zaidi. Jambo hilo likaenea nchi nzima, mpaka manyoya yakawafikia wanajeshi waliokuwa likizoni na wengine waliokwisha kuumia vitani, na mwaka 1916 ikatolewa beji ya fedha kwa walioachishwa jeshi kwa majeraha au maradhi, ambayo iliwasaidia wasiendelee kutukanwa barabarani. Na huko vitani hali ilikuwa vile vile: wanajeshi 306 wa jeshi la Uingereza na la himaya yake walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama woga na utoro, miongoni mwao wakiwamo waliovurugika akili kwa mizinga. Msamaha wao ulitolewa mwaka 2006, wakati karibu kila mtu aliyewajua alikuwa amekwisha kufa.

Hakuna anayegawa manyoya leo, lakini kazi yake inaendelea kwa njia nyingine. Wengi wetu tunasema tunataka mwanamume anayefunguka. Kisha siku akifunguka kweli, akasema kwamba anaogopa kupoteza kazi au kwamba hajui la kufanya, hofu inatushika sisi, na tunamjibu kwa kumkumbusha wajibu wake. Wapo pia wanaoyaweka maneno yale mpaka siku ya ugomvi, wakamrudishia mbele ya watu. Mwanamume aliyerudishiwa siri yake namna hiyo mara moja hafungui mdomo tena, na akifanya hivyo siwezi kusema kwamba amekosa akili.

Tunayalipia haya sisi wenyewe. Hisia pekee ambayo mwanamume aliruhusiwa kuionyesha tangu utotoni ni hasira, kwa hiyo uchovu, aibu, woga na huzuni vyote humtoka vikiwa na sura ya hasira, na wanaoishi na hasira hiyo ndani ya nyumba ni mke na watoto. Nilikulia katika nyumba ya namna hiyo. Baba yangu alikuwa mtu mwema aliyekuwa na njia moja tu ya kusema kwamba ameumia, na njia hiyo ilitutisha.

Basi anza na mama wa mtoto. Jua anafikiri nini, na jua pia wewe mwenyewe ukiwa na woga huwa unamwambia au unanyamaza, kwa maana mtoto anawatazama nyinyi wawili muda mrefu kuliko anavyomtazama baba yake mkubwa.

Mwanzisha mada

Nawashukuru nyote, nanyi wakubwa nawapa heshima zenu. Dada yangu, umeniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikia. Nimezungumza na mke wangu, na nimegundua kwamba yeye ana hofu kuliko kaka. Hamkaripii mtoto. Humwambia kwa upole, "Futa machozi, baba mkubwa anakaribia kufika." Anafanya hivyo kwa kumpenda, ili asiaibishwe, lakini sasa naona kwamba upole huo unamfikishia mtoto ujumbe ule ule.

Kaka naye nilimpigia simu nikamuuliza swali la mwalimu. Alikaa kimya kidogo, akasema tutaongea, akabadilisha mazungumzo. Bado sijapata ujasiri wa kumwomba anisimulie mwaka tuliofiwa, ingawa mzee amenifanya niutafakari kwa namna ambayo sikuwahi.

Nina maombi mawili kwa mwenye ujuzi wa afya. Kwanza, kuzuia hisia kunaudhuru mwili kweli, au ni maneno ya kisasa tu? Pili, naomba kuelekezwa kwa vitendo: kaka atakuja tena hivi karibuni, na mtoto hakika atalia kwa jambo fulani. Nifanye nini saa hiyo hiyo?

Mchangiaji wa tano

Ndugu, mimi ni mshauri nasaha, na sehemu kubwa ya wanaokuja kwangu ni wanaume walioletwa na mtu mwingine. Mwanamume anayekuja kwa miguu yake mwenyewe mara nyingi huanza kwa kusema kwamba ana maumivu ya kichwa au hapati usingizi.

Kuhusu swali la kwanza, jibu ni ndiyo, mwili huhusika. Mwaka 1993 wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson walichapisha jaribio ambamo watu walionyeshwa filamu ya kuchukiza, na baadhi yao wakaambiwa wasionyeshe chochote usoni. Waliozuia walifaulu kutoonyesha, lakini hisia yenyewe haikupungua, na vipimo vya mwili vilionyesha kwamba mfumo wa neva unaotuandaa kwa hatari ulifanya kazi zaidi. Mtu anayejikaza, kwa hiyo, haondoi kitu ndani mwake. Anaongeza kazi juu ya ile iliyokuwapo. Ninakubaliana na mzee kwamba mara moja moja kazi hiyo inafaa kufanywa, mbele ya mgonjwa au katika ajali. Wasiwasi wangu ni juu ya anayeifanya kutwa nzima kwa miaka mingi.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu kwa namna inayochanganya mwanzoni. Wanaogundulika kuwa na sonona ni wanawake zaidi kuliko wanaume. Lakini kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 727,000 walijiua mwaka 2021, na kiwango cha wanaume kilikuwa zaidi ya mara mbili ya cha wanawake. Sababu za kifo cha namna hiyo ni nyingi na haifai kukibebesha chanzo kimoja, ila sehemu moja ya maelezo ni kwamba sonona ya mwanamume mara nyingi haionekani kama huzuni. Huonekana kama ukali usio na sababu, kunywa kupita kiasi, kuendesha gari ovyo, au kuzama katika kazi mpaka usiku, na jamii huyaona hayo kuwa tabia tu. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2018 kwa wanaowahudumia wavulana na wanaume, na kinaeleza jambo hili waziwazi. Naye kijana aliyeandika hapa kwamba hakioni anachoulizwa, nataka ajue kwamba hali yake inafahamika. Mwanasaikolojia Ronald Levant ameandika juu yake kwa miaka mingi, na watu hujifunza tena, kwa kawaida kwa kuanza na mwili: kifua kimebana, mikono imepoa, halafu jina la hisia linafuata.

Sasa vitendo. Siku kaka atakapokuwapo na mtoto akalia, usimjibu kaka. Sema tu, "Samahani kaka, namwona mtoto mara moja, narudi," kisha uende ukae naye, umuulize nini kimetokea, ukitaje kwa jina anachokihisi kama yeye hana jina lake, na urudi kwa mgeni wako. Usimzuie kulia wala usimsifu kwa kulia. Ukifanya hivyo mara kadhaa, kaka atakuwa ameona msimamo wako bila neno la kumpinga, na mtoto atakuwa ameona kwamba baba yake hakumwonea aibu mbele ya mtu anayemheshimu kuliko wote.

Ukimfuata kaka kwake, itafutieni mikono yenu kazi ya kufanya, kurekebisha kitu au kutembea, kwa sababu wanaume wengi huzungumza vizuri zaidi wakiwa bega kwa bega kuliko wakitazamana. Mshukuru kwanza, na shukrani hiyo iwe ya kweli na yenye mambo uyakumbukayo. Kisha mwombe jambo moja dogo: mtoto akilia, akuachie wewe. Usimwombe abadili imani yake. Mtu hukubali ombi la kuacha kitendo kabla hajakubali kwamba kitendo kilikuwa kibaya, na wengine hawafiki hapo pa pili kamwe, lakini mtoto tayari amepumua.

Mama naye abadilishe sentensi moja. Badala ya kumwambia afute machozi kwa sababu mtu anakuja, amwambie anaweza kubaki chumbani mpaka atakapokuwa tayari, naye atabisha hodi. Mtoto ana haki ya kufunga mlango. Kinachodhuru ni akiamini kwamba hakuna anayepaswa kujua yuko nyuma yake. Na wewe baba, siku ukiwa na wasiwasi wa kazini, mwambie kwa maneno machache mbele ya chakula, ueleze na utakavyofanya kesho. Hapo atajifunza kustahimili alikokusema mzee, na atajifunza kwa kukuona.

Kuhusu ngao uliyoitaja, ambayo najua ndiyo inayokukosesha usingizi: wenzake watamcheka siku fulani, hutaweza kulizuia hilo. Mwanasaikolojia Niobe Way wa Chuo Kikuu cha New York amewahoji wavulana kwa miaka mingi, na aligundua kwamba wakiwa na umri wa miaka 13 au 14 huwazungumzia marafiki zao wa karibu kwa upendo ulio wazi, wanasema hawawezi kuishi bila wao, lakini wakikaribia utu uzima wengi huwa wamewapoteza marafiki hao au wameanza kusema kwamba hawawahitaji, huku wakisikitika. Kwa hiyo usijishughulishe sana na kumtafutia mwanao jibu la kuwanyamazisha wanaomcheka. Mlindie rafiki mmoja. Umesema kwamba akigombana na rafiki yake hukosa usingizi, na mimi naiona hiyo kuwa habari njema, maana anaye rafiki anayestahili kukosewa usingizi. Mkaribishe mtoto huyo nyumbani mara kwa mara, fahamiana na wazazi wake, na wakigombana tena, mpe mwanao muda wa kuusikitikia ugomvi huo bila kumwambia kwamba atapata marafiki wengine.